Mkono na Ki: Maneno Machache Juu ya Tiba ya Reiki

Mtu ajikwaapo gizani, mkono wake humtangulia. Kabla ulimi haujapata neno la kulalama, na kabla akili haijapima kama kidole kimevunjika au kimechubuka tu, kiganja kimekwisha kufika mguuni na kukikumbata kile kidole, kana kwamba siku zote kilikuwa kikingoja kuitwa kwa kazi hiyo. Hakuna aliyetufundisha jambo hili, wala sijapata kusikia kabila la watu lisilolijua. Wajapani wamelihifadhi katika lugha yao: matibabu, hata yale ya kufunga bandeji na kupaka dawa ya jeraha, huyaita "te-ate", na maana ya asili ya neno hilo ni kuweka mkono tu. Nimeanza na neno hilo kwa sababu tiba ninayotaka kuieleza, iitwayo Reiki, huharibiwa mara nyingi na wale wanaoanza kuieleza kutoka juu, kwa habari za mikondo isiyoonekana na kani zitokazo mbinguni, hali yenyewe ilianzia chini, kiganjani.

Reiki ni tiba ya kuweka mikono, iliyoasisiwa nchini Japani mwaka 1922 na mtu aliyeitwa Mikao Usui. Wafuasi wake huitakidi kwamba iko kani ya uhai iliyoenea katika viumbe vyote, ambayo ikizidi na kutembea vizuri mtu huwa na afya, na ikipungua au kuzibwa huugua. Na kwamba mtu aliyefunguliwa njia na mwalimu aweza kuwa kama mfereji, kani hiyo ikapita mikononi mwake na kumfikia mgonjwa, bila ya mfereji wenyewe kupungukiwa na kitu. Jina limeundwa kwa maneno mawili. "Rei" ni jambo la roho, la ghaibu, lililo juu ya fahamu za kawaida. "Ki" ndilo neno lenye kesi.

Kwa Mjapani wa kawaida, ki si elimu ya siri. Amekutana nayo tangu alipoanza kusema. Akitaka kumjulia hali jirani yake, humwuliza kama yu "genki", yaani kama ki yake ni ile ya asili. Ugonjwa ni "byoki", ki iliyougua. Hali ya hewa ni "tenki", ki ya mbingu. Na umeme ulipoingia nchini mwao katika karne ya kumi na tisa waliuita "denki", ki ya radi. Neno hilo limekaa katika lugha yao kama "roho" lilivyokaa katika yetu. Sisi twasema fulani ana roho nzuri, fulani roho yake iko juu juu, fulani ana roho ya paka, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kutuuliza roho hiyo ina uzito wa ratili ngapi, wala hiyo ya paka imepimwa wapi. Neno linafanya kazi yake, na msikilizaji anaelewa.

Sasa fikiri neno kama hilo limechukuliwa na kuvushwa bahari, likafika Marekani, na huko watu wakalitafutia jina katika vitabu vya fizikia. Ki ikaitwa kwa jina lile lile liitwalo mvuke wa gari-moshi na umeme wa taa. Nasi, tuliopokea tafsiri ya tafsiri, tukaiita nishati, neno ambalo kwetu lina wizara yake na mita zake ukutani. Kuanzia siku hiyo jambo lililokuwa lugha likawa madai. Na madai, yawe ya mganga au ya profesa, hayana budi kuulizwa burhani. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo ulipo mzizi wa ugomvi wote juu ya Reiki.

Tumtazame kwanza mwasisi mwenyewe. Mengi yasemwayo juu ya Usui yaliota baada ya kufa kwake, na ushahidi ulio karibu naye kuliko wote ni jiwe la kumbukumbu ambalo wanafunzi wake walilisimamisha mwezi wa Februari 1927 katika makaburi ya hekalu la Saihoji, mjini Tokyo. Jiwe hilo lasema alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Taniai, mkoa wa Gifu. Kwamba alipenda kusoma, akapitia vitabu vya historia na tiba, maandiko ya Kibudha na ya Kikristo, na hata elimu ya ramli. Na kwamba pamoja na maarifa hayo yote maisha yalimwendea kombo, akaandamwa na dhiki. Ndipo alipopanda mlima Kurama, ulio kaskazini ya mji wa Kyoto, akafunga na kujitenga na watu siku 21, na mwisho wake akahisi kani kuu imemshukia juu ya kichwa. Aliijaribu kwanza kwa nafsi yake, kisha kwa jamaa zake.

Msomaji wa pwani hatashangazwa sana na habari hii, maana neno la khalwa analijua, na amesikia habari za masheikh waliojifungia siku kadha wa kadha, kwa njaa na uradi, wakitafuta kufunguliwa. Sisemi kwamba mambo haya ni mamoja; anayemwita Mola wake kwa jina na anayengoja mlimani bila ya kutaja jina hawakai mkeka mmoja, na tofauti hiyo nitairudia. Nasema tu kwamba njia ya kufika, yaani njaa, upweke na subira, inafanana kiasi cha kutufanya tumtazame Usui kwa insafu, tusimdhihaki kama mtu wa mazingaombwe.

Mwaka huo huo wa 1922 alihamia Tokyo, akaanzisha jumuiya ya kufundisha na kutibu. Haukupita muda mrefu. Tarehe 1 Septemba 1923, karibu na saa sita ya mchana, wakati majiko yalipokuwa yamewashwa kwa chakula, ardhi ya Kanto ilitetemeka. Tokyo na Yokohama zikaanguka na kisha zikateketea kwa moto, na watu zaidi ya 100,000 wakafa. Jiwe la Saihoji lasema kwamba katika siku hizo Usui alizunguka mjini kila siku akiwatibu walionusurika. Mimi husimama kidogo kwenye habari hii kila niisomapo. Hospitali zimebomoka, dawa zimeungua, na watu wamekaa juu ya majivu ya nyumba zao wakiwa hawajui jamaa zao wako wapi. Akaja mtu wa makamo asiye na kitu, akachutama, akaweka mkono. Nani katika saa ile angelimwuliza kama mkono wake una nishati, na kama inayo, ni ya namna gani? Palikuwa na te-ate kwa maana yake ya kale kabisa, na nathubutu kusema kwamba kama Reiki ingalihukumiwa kwa siku zile peke yake, pasingalikuwa na mshitaki.

Jiwe hilo lasema pia jambo ambalo wauzaji wa tiba hii hupenda kulipita kwa haraka: kwamba nia ya mafundisho haikuwa kuponya maradhi tu, bali kuitengeneza nafsi. Wanafunzi walitakiwa waketi asubuhi na jioni, waunganishe viganja, na wajikumbushe mambo matano: wasikasirike, wasihangaike, washukuru, wafanye kazi yao kwa bidii, na wawatendee watu wema. Na juu ya yote matano limetangulizwa neno moja, "leo tu". Nimelipenda neno hilo kuliko mengine yote ya Reiki. Mwalimu hakuwaambia watu waahidi kutokasirika maisha yao yote, ahadi ambayo ni ya malaika au ya mwongo. Aliwataka siku moja, na kesho yake akawataka siku moja tena. Aliyewahi kufunga Ramadhani anaijua hekima hii vizuri, kwa kuwa hakuna afungaye mwezi. Hufungwa siku, na siku zikifuatana mwezi huisha.

Usui alifariki mwaka 1926 akiwa safarini Fukuyama kufundisha, na jiwe lahesabu waliojifunza kwake kuwa zaidi ya 2,000. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwisho alikuwa Chujiro Hayashi, ofisa wa jeshi la wanamaji aliyekuwa na elimu ya utabibu, ambaye alifungua zahanati yake Tokyo na kuipanga tiba kwa taratibu ya kijeshi: mkono uwekwe hapa kwa maradhi haya, na pale kwa maradhi yale. Katika zahanati hiyo aliingia, mwaka 1935, mwanamke aliyeitwa Hawayo Takata, mzaliwa wa Hawaii, binti wa Wajapani waliohamia huko, mjane, mgonjwa, aliyekuja Japani kupasuliwa na kisha akakataa kupasuliwa. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mikono ya waliomtibu ilikuwa na moto kiasi cha kumfanya siku moja amkamate mmoja wao mkono wa kimono yake na kuupekua, akiamini kwamba umefichwa mtambo ndani. Hakukuta kitu. Nalitaja jambo hili dogo kwa sababu laonyesha kwamba hata mtu wa damu ya Kijapani, aliyelelewa katika ardhi ya Marekani, alipohisi joto la kiganja alifikiri kwanza juu ya umeme. Tafsiri niliyoilalamikia ilikwisha kuanza, tangu pale, ndani ya mkono wa kimono.

Takata alipona, akajifunza, akarudi Hawaii mwaka 1937, na mwaka uliofuata Hayashi akamthibitisha kuwa mwalimu. Hayashi mwenyewe alijiua mwezi wa Mei 1940, vita na Marekani vikiwa vinakaribia. Kwa hiyo wengi wa watu wa Reiki waliomo leo Ulaya, Marekani, na hata miji yetu ya Afrika ya Mashariki, ukiwauliza silsila yao wataifikisha kwa mwanamke huyo mmoja, naye kwa Hayashi, naye kwa Usui, kama vile mtu wa tarika anavyoitaja ijaza yake mkono kwa mkono hadi kwa sheikh mkuu. Na kama ilivyo katika silsila nyingi, palipo na kiungo kimoja tu ndipo pa kutazamwa sana.

Kwa maana Takata, alipowafundisha Wamarekani, aliwasimulia Usui mwingine. Katika masimulizi yake Usui alikuwa Mkristo, mkuu wa Chuo cha Doshisha cha Kyoto, ambaye wanafunzi wake walimtaka awaeleze jinsi Yesu alivyoponya kwa mikono, naye aliposhindwa kujibu akasafiri hadi chuo cha Chicago kutafuta jawabu. Watu walipokuja kuuliza, kumbukumbu za vyuo hivyo hazikuwa na jina lake. Yule aliyeyasoma maandiko ya Kikristo pamoja na vitabu vingine vingi, kama jiwe lisemavyo, alikuwa amevishwa joho la mwalimu wa dini. Siwezi kumlaumu Takata kupita kiasi. Alikuwa Mjapani katika Hawaii, na bomu la Pearl Harbor lilipoanguka mwaka 1941, jina la Kijapani halikuwa jambo la kujivunia mlangoni pa jirani Mmarekani. Huenda alifanya kama afanyavyo mpishi aliye ugenini, aongezaye viungo wanavyovijua wenyeji. Lakini chakula kikiongezwa viungo vya kutosha, hakijulikani tena kilitoka wapi.

Jambo jingine aliloliongeza lilikuwa bei. Kufika daraja ya ualimu kwa mkono wake kulimgharimu mwanafunzi dola 10,000, na hadi alipofariki mwezi wa Desemba 1980 alikuwa amewathibitisha walimu 22. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu hakiheshimu kitu alichokipata bure. Nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka mchungaji mstaafu wa Loliondo, Ambilikile Mwasapila, ambaye mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri siku nyingi kumfikia katika kijiji cha Samunge, wakapanga magari barabarani maili baada ya maili, na bei ya kikombe chake cha dawa ilikuwa shilingi 500. Walikiheshimu kikombe kile kuliko ilivyostahili, na wako walioacha dawa zao za hospitali kwa ajili yake. Basi heshima haitokani na bei, na hasara pia haitokani na bei. Hasara ya kweli huja pale mgonjwa mwenye uvimbe au mwenye kisukari anapoambiwa, au anapojiambia, kwamba mkono umetosha.

Siku hizi mafundisho hugawanywa katika daraja tatu. Ya kwanza, "shoden", humfunza mtu kujitibu nafsi yake na jamaa zake kwa kuweka mikono. Ya pili, "okuden", humpa alama za kuchora hewani au moyoni, na kwazo huambiwa aweza kumtibu hata aliye mbali, wa mji mwingine au bara jingine. Ya tatu, "shinpiden", ni ya ualimu. Kila daraja huingiwa kwa ibada fupi ya kufunguliwa njia, ambayo mwalimu humfanyia mwanafunzi aliyeketi kimya na macho yamefumbwa. Alama zile zilikuwa siri, zikifundishwa kwa kukariri na karatasi zikichomwa. Sasa zimechapwa vitabuni na kila mtu azitakaye huziona. Mtu wa kwetu aliyekulia karibu na mafundi wa talasimu atajikuta ameingia chumba anachokijua, na kama ni mcha Mungu ataanza kutafuta mlango.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuitazama. Mgonjwa hulala chali kitandani na nguo zake zote, viatu tu vikiwa vimevuliwa. Mtibabu huweka viganja, bila ya kukanda wala kusugua, juu ya macho, kando ya kichwa, chini ya kisogo, kooni, kifuani, tumboni, na kisha mgongoni. Hungoja dakika chache kila mahali. Wengine hawagusi, huinua viganja kidogo juu ya mwili. Saa moja hupita hivi. Baadhi ya wagonjwa huhisi joto au kusisimka, baadhi hulia bila ya kujua sababu, wengi hulala usingizi. Watu huiendea kwa ajili ya wasiwasi, kukosa usingizi, uchovu, maumivu ya muda mrefu, na hasa kwa ajili ya dhiki za maradhi makubwa kama saratani. Na ziko hospitali za Marekani na Uingereza ambazo huwaruhusu wahudumu wa kujitolea wawawekee mikono wagonjwa wao, pamoja na dawa, si badala ya dawa.

Je, iko kani ipitayo? Jaribio lililo maarufu kuliko yote halikufanywa juu ya Reiki yenyewe, bali juu ya ndugu yake, tiba ya wauguzi wa Marekani iliyoanza katika miaka ya 1970, ambao walidai kuuhisi uga wa kani unaomzunguka mwanadamu. Msichana aitwaye Emily Rosa, akiwa na umri wa miaka tisa, aliwaketisha watibabu 21 mezani, wakapenyeza mikono yao katika matundu ya ubao uliowazuia wasione. Kisha akaweka mkono wake juu ya mmoja wa mikono yao miwili, akiuchagua kwa kurusha sarafu, na kuwauliza ni upi. Katika mara 280 walipatia mara 123, yaani asilimia 44, chini ya zile ambazo mtu angalipata kwa kubahatisha. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Watu wa Reiki husema, na wana haki ya kusema, kwamba tiba yao ni nyingine. Lakini wao pia husema kwamba viganja vyao huhisi mahali penye maradhi, na mtu adaiye kuhisi hana budi kukubali kufungwa kitambaa cha macho.

Walioyapima majaribio ya Reiki yenyewe hawakurudi na habari njema. Mapitio ya mwaka 2008 yaliyakusanya majaribio 9 yaliyofanywa kwa kura, na yakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi kuthibitisha kuwa tiba hii inafaa kwa maradhi yoyote. Na mapitio mengine ya mwaka 2015, juu ya huzuni na wasiwasi, yalipata majaribio 3 tu na yakasema vivyo hivyo. Ningeweza kuishia hapo, kama waishiavyo wengi, nikamwambia msomaji afunge kitabu. Lakini liko jaribio jingine, lisilohusu Reiki hata kidogo, ambalo kwa fikira zangu ndilo lenye nuru zaidi katika jambo hili. Mwaka 2008 Ted Kaptchuk wa Harvard na wenziwe walitangaza habari za wagonjwa 262 wa matumbo yenye kuvurugika. Kundi la kwanza liliangaliwa tu bila ya tiba. La pili lilichomwa sindano za Kichina za uongo, zisizopenya ngozi, na mtibabu asiyezungumza. La tatu lilipewa sindano zile zile za uongo, ila mtibabu aliketi, akauliza, akasikiliza, akaonyesha kuamini na kujali, na akanyamaza kidogo akitafakari. Baada ya majuma matatu waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 28 katika kundi la kwanza, 44 katika la pili, na 62 katika la tatu.

Tazama hesabu hizo vizuri. Sindano ilikuwa ya uongo kwa makundi yote mawili ya mwisho, na kilichotofautiana ni mtu. Si saratani iliyoponywa pale, wala mfupa uliounganishwa; ni nafuu, yaani namna mgonjwa alivyoyahisi maumivu yake, na mwenye kuidharau nafuu hajaugua. Nami nauliza kama saa moja ya Reiki, saa ambayo mtu mmoja amemtulilia mwenziwe bila ya haraka, bila ya simu, bila ya kalamu ya kuandika cheti, haikubeba ndani yake kile kile kilicholibeba kundi la tatu. Na kama ndivyo, basi ki imekuwa jina la heshima walilolipa jambo ambalo hospitali zetu, zenye foleni ya tangu alfajiri na daktari wa dakika tatu, zimeshindwa kulipa jina lolote.

Limebaki suala la dini, ambalo kwa wengi wa wasomaji wangu ndilo la kwanza. Maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitoa waraka mwezi wa Machi 2009 uliosema kwamba Reiki haina tegemeo katika sayansi wala katika imani ya Kikristo, na kwamba haifai kutumiwa katika hospitali na taasisi za Kanisa; mwenye kuitegemea, walisema, amekaa mahali pasipo pa elimu wala pa imani, na mahali hapo jina lake ni ushirikina. Hoja yao ni nzito, nami sina la kuipinga katika upande wa itikadi. Nasikitika tu kwamba waliipima kani na hawakuupima mkono. Mkono una nafasi yake katika dini zote mbili za pwani. Mkristo ana habari za kuwekewa mikono wagonjwa katika Injili ya Marko. Muislamu ana hadithi, iliyopokewa katika Sahihi ya Muslim, ya Uthman bin Abil-As aliyemshitakia Mtume maumivu ya mwili wake, naye akaamrishwa auweke mkono wake mwenyewe pale panapouma, ataje jina la Mwenyezi Mungu mara tatu, kisha ajikinge Kwake mara saba.

Zingatia kwamba hapo mkono na dua havikutengana. Mkono ni wasila. Shifaa ina Mwenyewe. Bibi akisomea juu ya utosi wa mjukuu aliyepatwa na homa, hawezi hata siku moja kusema kwamba kiganja chake kimeponya, na akisema hivyo wajukuu wengine watamcheka. Reiki ilipotoka Japani iliuchukua mkono na kuiacha lugha yake. Na kule ilikofika haikupewa mtu wa kuambiwa. Katika nchi yake, aliyeambiwa "shukuru" alijua pa kuielekeza shukrani: kwa wazazi, kwa wahenga, kwa mwalimu, kwa mabudha na miungu ya kijiji chake. Sisi pia twasema "nashukuru" bila ya kutaja mtu, na kila asikiaye anajua ni nani asiyetajwa. Lakini mtu wa Chicago aliyefundishwa kushukuru kani, amshukuru nani? Mtu hamshukuru mfereji, wala hashukuru maji.

Mimi mwenyewe nililala kitanda hicho mara moja, Mombasa, nyumbani kwa binti mmoja aliyejifunza tiba hii Ulaya, rafiki wa mwanangu, mwenye adabu nyingi na mikono ya joto. Nilikuwa na jino lililoninyima usingizi siku tatu, nikamficha habari hiyo kwa makusudi. Alifanya kazi yake kwa utulivu ambao sijauona katika zahanati yoyote. Feni ilizunguka juu, mwadhini wa alasiri akaadhini mbali, na mahali fulani kati ya koo na kifua nikapotea usingizini. Nilipoamka aliniambia kwa upole, "Mzee, nimeona goti lako la kushoto lina shida." Goti langu la kushoto, alhamdulillahi, ndilo lililo zima kuliko yote niliyonayo. Sikumvunja moyo. Na kweli ilikuwa kwamba maumivu ya jino yalikuwa yamepoa, si kwisha, kupoa, kama sufuria iliyoteremshwa jikoni.

Alisimama kando ya kitanda, akaunganisha viganja na kuinamisha kichwa kidogo, kama walivyofundishwa. Nikamwuliza, "Umemshukuru nani, mwanangu?"

Alifikiri kwa muda, akaona haya kidogo. "Sijui, Mzee. Mwalimu alituambia tushukuru tu."

"Basi mimi nimekwisha kumshukuru, kwa niaba yetu sote wawili," nikamwambia. Na nilipokuwa nikifunga kamba za viatu nikamwomba anielekeze kwa tabibu wa meno aliye karibu, asiyefunga mapema.